Kaburi la kila mtu peke yake

Swali la juma hili linauliza kwa nini miji mingi huweka makaburi yake pembezoni, mbali na makazi ya watu. Jibu linalotolewa upesi ni afya ya umma. Jibu hilo si la uongo, lakini linaacha nje nusu ya historia, na nusu hiyo ndiyo ninayoithamini zaidi.

Kuwatenga wafu na mji ni desturi ya zamani. Sheria za Roma zilizoandikwa yapata mwaka 450 K.K. zilikataza kuzika au kuchoma maiti ndani ya mji, ndiyo maana makaburi ya Warumi yalijipanga kandokando ya barabara kama Via Appia. Katika Ulaya, Ukristo ndio uliowarudisha wafu mjini, kwa kuwa waumini walitaka kulala karibu na mifupa ya watakatifu iliyohifadhiwa makanisani. Wenye mali walizikwa chini ya sakafu ya kanisa. Maskini walitiwa katika mashimo ya pamoja uani, na nafasi ilipokwisha, mifupa ya zamani ilifukuliwa na kurundikwa kando ili kuwapisha wengine.

Makaburi ya Saints-Innocents, yaliyokuwa katikati ya Paris jirani na soko kuu la chakula, yalitumika hivyo kwa karne nyingi, na shimo moja liliweza kupokea maiti zaidi ya 1,000 kabla ya kufukiwa. Mwaka 1765 mahakama kuu ya Paris iliamuru mazishi yahamishiwe nje ya mji, lakini amri hiyo haikutekelezwa. Mwaka 1780 ukuta wa ghala la chini ya nyumba iliyopakana na makaburi hayo ulielemewa ukabomoka, na uvundo ukaingia majumbani. Makaburi yakafungwa mwaka huohuo. Baadaye mifupa ilihamishwa usiku kwa mikokoteni iliyofunikwa vitambaa vyeusi, mapadri wakiimba sala njiani, hadi kwenye machimbo ya kale ya mawe chini ya ardhi.

Wataalamu wa siku hizo waliamini kwamba hewa chafu ndiyo inayoeneza magonjwa. Sayansi imekwisha kuiacha nadharia hiyo, na leo Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maiti za waliokufa katika majanga ya asili kwa kawaida hazisababishi milipuko ya magonjwa, isipokuwa pale mtu alipokufa kwa maradhi kama kipindupindu au Ebola.

Tena afya peke yake ni msingi mbovu wa sheria ya mazishi. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II wa Austria aliagiza maiti ishonewe katika mfuko wa kitani, ibebwe katika jeneza ambalo kitako chake kilifunguka kama mlango, iachiwe idondoke kaburini, kisha jeneza lirudishwe kwa ajili ya marehemu mwingine. Mbao ziliokolewa na mwili ulioza upesi, lakini watu walighadhibika mno, na mwaka uliofuata agizo la jeneza hilo likaondolewa. Naamini walikuwa na haki kabisa.

Amri ya Ufaransa ya Juni 1804 ndiyo iliyounganisha mambo mawili. Iliwapeleka wafu nje ya miji, na papo hapo ikataka kila maiti izikwe katika kaburi lake, lenye kina cha mita 1.5 hadi 2 na nafasi kati yake na la jirani. Maskini wa Paris walisubiri miaka mingi kabla ya kanuni hiyo kuwafikia kikamilifu, na hilo ni doa. Hata hivyo, tangu hapo shimo la pamoja halikuwa tena na utetezi katika sheria. Makaburi ya Père-Lachaise, nje ya mipaka ya Paris ya wakati huo, yalifunguliwa mwaka huohuo, na mwanzoni wengi waliyaona kuwa mbali mno. Mwaka 1817 mifupa iliyoaminika kuwa ya waandishi mashuhuri Molière na La Fontaine ilihamishiwa huko, na familia zikaanza kuyapenda.

Mwaka 1860 mipaka ya Paris ilipanuliwa, na Père-Lachaise yakawa ndani ya mji. Haussmann, aliyeusimamia mji wakati huo, alipendekeza makaburi mapya huko Méry-sur-Oise, umbali wa kufikiwa kwa treni. Wakazi wa Paris, ambao sasa walikuwa na makaburi yenye majina ya ndugu zao na mazoea ya kuyazuru, walipinga, na mpango huo ukaachwa.