Wote walisema "sawa", hakuna aliyeanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaona jibu lake halitoshi kwenye simu. Unasema umepewa kazi ya kubadilisha namna ya kuripoti mizigo inayoharibika pale ghalani kwenu Kurasini. Kikaoni wote waliitikia "sawa kabisa", hakuna aliyepinga, na mpaka leo fomu mpya unazijaza wewe peke yako. Ukamalizia: "Mama, hawa watu hawajali?"

Wengi wao wanajali. Ukianza kwa kuwaona hawajali, utawasema vibaya na utawapoteza.

Wazee walisema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi niliyezeekea wodini nalikubali hilo pale tu wengi hao wanapokuwa wamegawana kazi. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walilipima jambo hili. Mwanafunzi alikaa chumbani peke yake, akiongea na wenzake wa vyumba vingine kwa kipaza sauti. Ghafla mmoja akasikika anashikwa na kifafa. Kumbe ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Kati ya waliodhani ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31 tu. Lakini kilichonigusa ni hali ya wale waliobaki vitini. Watafiti walipoingia, wengi waliwakuta wanatetemeka, viganja vimelowa jasho, wanauliza kama mgonjwa ameshapata mtu wa kumsaidia. Roho zilikuwa zinawauma, ila kila mmoja alidhani mwingine ameshanyanyuka.

Tena watu husomana nyuso. Umeyaona haya asubuhi kituoni Buguruni: konda anamzuia mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni ndogo, na abiria wote wanatazama dirishani. Kila mmoja akigeuka anaona wenzake wametulia, anadhani ni yeye tu aliyeudhika. Mama mmoja akisema, "Konda, mwache mtoto apande," daladala nzima inapaza sauti. Kikao chenu kilikuwa hivyohivyo. "Sawa" ile haikuwa ahadi ya mtu yeyote.

Kwa hiyo acha kuwaambia "tushirikiane". Katika huduma ya kwanza tunafundishwa kwamba mtu akianguka barabarani usipige kelele "jamani, mtu apige simu". Unamwonyesha mmoja kwa kidole: "Wewe mwenye shati la bluu, piga simu, kisha urudi uniambie wamesemaje." Hapo kazi imepata mwenyewe, na mwenyewe anajua anasubiriwa.

Ghalani kwenu, nani huona boksi lililopasuka kabla ya wengine wote? Nadhani ni dereva wa fokolifti. Mfuate akiwa peke yake, kabla ya kikao kingine. Muulize kinachomkwamisha kwenye fomu hiyo, na umsikilize kwelikweli, maana huenda fomu yenyewe ni ndefu mno kwa mtu mwenye kontena linalosubiri. Irekebishe kama anavyosema. Halafu mwombe yeye ndiye aeleze kikaoni, na wewe ukae. Mtafutie na mwenzake wa pili, hata kama ni karani mpole asiyependa kusema. Solomon Asch, katika majaribio yake ya miaka ya 1950, aliona watu wakikubali jibu lililo wazi kuwa si sahihi kwa sababu tu kundi zima limelisema. Akiwepo mwenzi mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Usihangaike kuwapata wote ishirini kwa siku moja.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi. Upo ukimya mwingine ambao dawa hii haiutibu. Kama kuna siku mtu aliripoti mzigo ulioharibika akakatwa mshahara, au kibarua alisema ukweli na kesho yake hakuitwa kazini, basi watu wako hawangojeani. Wanakumbuka. Kumtaja mtu kama huyo kwa jina mbele ya wakubwa ni kumtoa kafara, na wewe ndiye utakayekuwa umemtoa.

Waulize taratibu, hasa vibarua, wakati wa chakula, si ofisini. Ukisikia habari kama hiyo, nenda kwa bosi wako kwanza, umtake aandike na kubandika ukutani kwamba anayeripoti uharibifu hatakatwa hata senti. Akikubali, mfuate dereva wako asubuhi yake. Akikataa, usimteue mtu yeyote; endelea kuzijaza fomu mwenyewe, na urudi kwa bosi tena ukiwa na hesabu ya hasara mkononi.

Mama yako,
Tabata