Meza kwanza, presi baadaye

Msimu wa mashindano ya shabaha umeanza na maswali yenu ya kujaza risasi yamelundikana. Nusu yake ni swali moja lililobadilishiwa nguo, kwa hiyo nitaanza nalo tumalizane. Kabla ya hapo, anayetaka kujua kama anaruhusiwa kujaza risasi nyumbani, yaani kutia fataki mpya (kiwashio kidogo cha kitakoni), baruti na kichwa kinachoruka kwenye ganda lililokwisha kupigwa, asiniulize mimi, aulize ofisi iliyompa kibali cha silaha. Ziko nchi ambako kibali cha bastola hakikupi ruhusa ya kuweka baruti na fataki, na huko "sikujua" haimtoi mtu rumande.

Niweke greni (kipimo cha uzito, takriban miligramu 65) ngapi za baruti kwenye 9 mm ya bastola nipate risasi ya mashindano yenye teke dogo?

Sisemi. Mtengenezaji wa baruti yako amechapa jedwali lenye aina ya baruti, uzito na umbo la kichwa, urefu wa risasi nzima, kiwango cha kuanzia na kiwango cha juu. Anza na kile cha chini. Ukibadilisha chochote, hata fataki tu, rudi chini uanze upya. Anayekutajia kiwango bila kukuuliza unatumia baruti gani na kichwa gani si rafiki yako, hata akiwa na makabati mawili ya vikombe.

Nina kona ya mita moja na nusu. Inatosha?

Inatosha na kubaki. Kinachowashinda watu si nafasi, ni meza. Mtu ananunua presi nzito ya chuma, ile mashine ya mkono ya kukandamizia maganda, kisha anaifunga kwenye meza ya kompyuta yenye miguu ya vijiti. Siku anaporudisha umbo la ganda la bunduki la .308, anashusha mkono wa presi na meza inainuka nyuma kama punda aliyechokozwa. Meza ikitikisika, baruti inaruka nje ya maganda, mizani haitulii, na kiganja kinapoteza ile hisia ndogo ya fataki inapogusa chini ya kitako. Hisia hiyo unaihitaji, kwa sababu fataki iliyobaki juu hata kwa unywele inaweza kukunyima mlio wa kwanza au kukwamisha bastola katikati ya zoezi.

Gundisha vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 viwe uso mmoja. Funga meza ukutani. Presi ikae juu ya mguu wa meza au karibu nao, si katikati, na bolti zipenye mbao zote mbili zikutane na washa pana kwa chini. Skrubu za mbao zitalegea, usijidanganye. Kuhusu urefu, simama mbele yake ukiwa umekunja kiwiko, ushushe mkono wa presi hadi mwisho. Ukilazimika kuinama, meza ni fupi, na baada ya risasi mia mbili mgongo utakuambia.

Mizani usiiweke kwenye meza hiyo. Ipe rafu yake ndogo iliyofungwa ukutani, usawa wa macho. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalifanyi, na ni bei ya ubao mmoja.

Taa iwe ya kukunjika, uweze kuielekeza ndani ya maganda yaliyopangwa kwenye kibao cha matundu. Taa ya darini peke yake inakupa kivuli cha kichwa chako mwenyewe. Sakafu isiwe na zulia, maana vumbi la madini ya risasi, metali yenye sumu, na chembe za baruti zikiingia humo hazitoki. Na baruti ikimwagika, chukua brashi na kizoleo. Mashine ya kufyonza vumbi ina mota, mota ina cheche, na wewe umeshaijaza baruti.

Kona hiyo ikiwa ya chumba cha kulala, au ina hita, jiko au kichemshio chenye mwali, jibu langu lote la juu lifute.

Nimepata pesa. Ninunue moja kwa moja presi ile inayotoa risasi nzima kila ukivuta mkono?

Kama hujawahi kujaza hata risasi moja, hapana. Najua utainunua tu.

Presi ya hatua moja inakulazimisha uguse kila ganda mara nne au tano: kutoa fataki ya zamani na kurudisha umbo, kupachika mpya, kutia baruti, kukandamiza kichwa, kukaza mdomo. Unachoka, lakini unajifunza. Vidole vinazoea ganda lenye ufa, na jicho linazoea usawa wa baruti. Ile presi ya mzunguko inafanya yote kwa pamoja, kwa hiyo kosa moja la kurekebisha kalibu (kipande cha presi kinacholipa ganda umbo) halikupi risasi moja mbovu, linakupa ndoo nzima. Wa shabaha za mbali, anayepiga risasi hamsini kwa wiki, anaweza asiihitaji maisha yake yote. Anayepiga mia tatu za bastola kila wiki ataihitaji, lakini mwaka wa pili. Na ya hatua moja haitakaa bure, utaitumia kujaribia mchanganyiko mpya.

Mizani yangu ya kielektroniki inabadilisha namba yenyewe. Ni mbovu?

Zima feni. Sogeza simu. Iwashe nusu saa kabla ya kazi. Halafu weka uzito wa kupimia ulionunuliwa nayo, ule uliotupa droo ya chini.

Unapima kwa sehemu ya kumi ya greni, yaani takriban miligramu 6.5. Pumzi ya mtu aliyeinamia mizani inatosha kuisumbua. Ikiendelea kuhama baada ya hayo, ndiyo, ni mbovu. Mzani wa mkono wa zamani hauna betri na haujui mtandao wa simu ni nini. Mimi ninao mmoja na ndio huamua ugomvi wote.

Fataki zinachukua nafasi kwenye vijiboksi vyake. Naweza kuzimimina kwenye chupa ya kioo?

Hapana!

Kile kijiboksi kinachokukera kimetengenezwa ili fataki moja isiamshe jirani yake. Ukizikusanya kwenye chupa umetengeneza bomu lenye kifuniko. Swali hili huja na ndugu yake: je, baruti niifungie kwenye sanduku la chuma lisilopitisha hewa? Nalo hapana. Baruti isiyotoa moshi ikiwa wazi huwaka kwa kasi, ikibanwa hupasuka. Ndiyo maana NFPA 495, kanuni za chama cha Marekani cha kukinga moto, kwa anayeweka nyumbani zaidi ya ratili 20, zinataka sanduku la mbao lenye kuta za inchi moja. Mbao hukinga joto kwa muda, kisha huachia. Iache baruti kwenye kopo lake la kiwandani, mahali pakavu na pa baridi, kabati lifungwe kwa ufunguo, na fataki zikae kabati lingine.

Mke wangu analalamikia vumbi la mashine ya kusafishia maganda. Nimwambieje?

Mwambie samahani. Masalia ya fataki zilizolipuka yana madini ya risasi, na mashine kavu inayotikisa maganda ya risasi ndani ya chembechembe za maganda ya jozi au magunzi ya mahindi hugeuza masalia hayo kuwa vumbi la kupumua. Hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Itoe nje ya nyumba, au hamia kwenye usafishaji wa maji na vijiti vya chuma cha pua. Kwenye meza usile, usinywe, usivute. Osha mikono kabla ya kushika mlango wa jikoni, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Maji uliyosafishia maganda nayo ni machafu ya aina hiyohiyo, kwa hiyo sinki la vyombo si mahali pake.

Sindano ya kutolea fataki imekatika mara ya tatu. Kalibu ni feki?

Chungulia ndani ya ganda kwa tochi. Ukiona vitundu viwili vidogo badala ya kimoja katikati, hilo ni ganda la mfumo wa Berdan na sindano yako inagonga shaba. La Boxer lina tundu moja. Kichekesho ni kwamba mbunifu Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer Mwingereza, lakini Wamarekani ndio wameng'ang'ania Boxer. Chambua maganda kabla ya kuyaingiza kwenye presi. Ganda uliloliokota uwanjani si zawadi mpaka umelikagua.

Risasi zangu zilipita nyumbani, zikafeli kwenye kronografu (kipima kasi ya risasi) ya mashindano. Nimeonewa?

Hujaonewa. IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya shabaha za vitendo, inataka uzito wa kichwa kwa greni, mara kasi kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, upate angalau 125 kwa Minor, daraja la chini la nguvu ya risasi. Kichwa cha greni 124 kinachokwenda futi 1,010 kinakupa 125.24. Umepita, kwa kucha. Asubuhi ikija ya baridi, kasi ikashuka kidogo tu, unabaki kupiga bila kuhesabiwa alama. Lenga karibu 130, ilimradi jedwali linakuruhusu, na uandike daftarini joto la siku uliyopima. Daftari, si kumbukumbu.

Kuna ubaya kusikiliza redio nikijaza?

Redio, sawa. Simu, hapana. Mwaka wa tatu wa kujaza kwangu simu iliita nikiwa kwenye safu ya nne ya kibao. Niliongea dakika mbili, nikarudi, nikaendelea. Nilipoinamisha taa kabla ya kukandamiza vichwa, baruti ilikuwa imelala theluthi moja ya kila ganda isipokuwa moja, ambalo lilikuwa limejaa maradufu. Ningeweka kichwa juu yake lisingeonekana tena, wala kwa mzani usingeligundua kwa urahisi, maana maganda yenyewe hutofautiana uzito. Nilimwaga hamsini zote, nikaanza upya kesho yake. Tangu siku hiyo simu hukaa chumba kingine, na juu ya meza kuna kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja.

Nimerithi kopo la baruti kwa marehemu mjomba. Lebo imefutika. Naweza kuitumia?

Hapana, na usinitumie picha yake ili niitambue.