Trei ya matundu mangapi? Kwa wanaoanza kitalu Tabora

Kila anayeanza biashara ya miche hapa Tabora huniuliza anunue trei ya kuoteshea ya matundu mangapi. Muuzaji atakusukumia ya 200, na hesabu yake inavutia: kichanja ni kilekile, miche ni mara nne ya ile ya trei ya 50. Mimi kwanza nakuuliza, shamba la mteja wako liko tayari?

Maana kuota kwenyewe hakutegemei sana ukubwa wa tundu. Mbegu ya nyanya inataka unyevu, hewa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Ikivipata, itachomoza ndani ya wiki moja hivi, tundu liwe dogo au kubwa. Tofauti huanza mizizi ikishagusa ukuta. Tundu la trei ya 200 halibebi udongo mwingi, na wiki ya tatu mche unakuwa umemaliza nafasi yake. Ukiuacha humo unarefuka kwa kugombania mwanga, majani ya chini yanapauka, mizizi inajizungusha. Ukija kupandikizwa unaduwaa muda mrefu kabla ya kushika. Trei ya 128 inakufikisha wiki ya nne hivi. Ya 72 au 50 inavumilia hadi wiki ya tano, hata ya sita.

Sasa mkulima wa Uyui au Sikonge anayengoja mvua za Novemba atakuambia "nakuja wiki ijayo", na mvua isiponyesha utaisikia tena hiyo wiki ijayo. Miche ya wateja wa namna hii isie kwenye 72, na bei yake iwe juu kidogo. Trei za 200 ni za wanaomwagilia, ambao mashimo wameshachimba na samadi imeshaingia. Na walipie kabla hujasia.

Jambo linalowachanganya wageni ni maji. Tundu dogo hukauka upesi, hasa kwa jua letu la Septemba na Oktoba, kwa hiyo mtu anamwagilia bila kipimo. Lakini kila ukimwagilia, chini ya tundu hubaki tabaka la maji lisilotoka, na kimo cha tabaka hilo ni kilekile kwenye tundu refu na fupi, mradi udongo ni mmoja. Kwenye tundu fupi linachukua sehemu kubwa ya nafasi yote. Mbegu inakosa hewa na kuoza, na iliyoota inakatwa shingoni na ugonjwa wa kinyausi. Dawa yake ni mchanganyiko mwepesi na maji kidogo kidogo, asubuhi. Kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, ni nzuri lakini haina chakula. Majani halisi, yale yanayofuata yale mawili ya mbegu, yakianza kutoka lazima uilishe miche. Ukiona kokopiti ni ghali, chukua maganda ya mpunga kwenye mashine za Nzega au Igunga, yachome mpaka yawe meusi bila kugeuka majivu, kisha changanya na mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa.

Udongo wa shamba la zamani la tumbaku usiusogeze kitaluni. Tumbaku na nyanya ni ndugu: minyoo fundo wanaovimbisha mizizi ya tumbaku wanaishambulia nyanya pia, na virusi vya batobato, ugonjwa wa mabaka ya majani, huhama kwa mikono. Aliyetoka kushika tumbaku, hata sigara, anawe kwa sabuni kabla ya kugusa mche. Wazee wa kilimo hapa watakucheka. Waache wacheke.

Trei nyeusi hula joto, kwa hiyo iwe chini ya kivuli mpaka mbegu ziote, na kama umeifunika, siku zinapoanza kuchomoza ondoa kifuniko siku hiyohiyo. Iweke juu ya kichanja, si chini: hewa ikipita chini ya tundu, ncha ya mzizi inakauka na mzizi unatoa matawi mapya ndani. Ikikaa ardhini mizizi inazama, nawe utaikata siku ya kunyanyua. Matundu ya pembeni hukauka kwanza, yarudie maji.

Matikiti na matango yanataka tundu kubwa na kutolewa mapema, wiki ya pili au ya tatu, kwa kuwa hayapendi mizizi iguswe. Kitunguu kisie kwenye tuta tu. Karoti haihamishwi.

Trei iliyotumika ioshe, kisha iloweke nusu saa kwenye jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, isuuze na kuikausha. Za povu ni ngumu kusafisha kwa sababu mizizi hupenya ukutani. Na dukani, kabla ya kulipa, shika trei tupu kwa ncha moja uitikise. Ikipinda kama karatasi, siku utakapoinyanyua imejaa udongo uliolowa itapasuka katikati, na miche itamwagika.