Kabla hujalipia ngalawa ya mawimbi Waikiki

Nililipia ngalawa ya kupanda mawimbi Waikiki, ufukwe wa Honolulu huko Hawaii, wiki tatu kabla ya kupanda ndege, hela yote kwa kadi, nikachagua alasiri ya siku moja kabla ya kuondoka ili likizo ifungwe kwa kishindo. Alasiri hiyo bahari ikachafuka. Kampuni ikafuta safari, na nilipodai changu nikaonyeshwa sharti ambalo sikuwa nimelisoma: fedha hairudi, unabadilishiwa tarehe tu. Tarehe ipi, na mimi naondoka kesho usiku?

Kesho yake asubuhi nikateremka ufukweni na binti yangu, karibu na sanamu ya Duke Kahanamoku, yule muogeleaji aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1912. Watu huivisha mikono yake mashada ya maua. Pale ufukweni kuna vibanda vya vijana wanaokodisha mbao za mawimbi na kuuza nafasi za ngalawa. Nusu saa haikuisha, tukawa majini.

Sisemi usikate nafasi mapema. Mkiwa kundi la watu sita, kateni, maana mitumbwi ni michache na viti vinahesabika. Ila weka safari hiyo siku ya pili au ya tatu ya likizo, asubuhi, ili ikifutwa ubaki na siku za kuhamishia. Soma kwanza sharti la kufuta, na hasa uone kama wakifuta wao unarudishiwa fedha au unapewa tarehe nyingine. Ukitaka kuwapigia simu kutoka Afrika Mashariki, kumbuka Honolulu iko nyuma yetu kwa saa 13: wao wakifungua saa 2 asubuhi, kwetu ni saa 3 usiku.

Swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: tunapanda mawimbi mangapi? Wengine hutangaza dakika, na dakika zinaliwa na kuvaa maboya, maelezo, kupiga kasia kwenda nje na kungoja wimbi. Sisi tuliuziwa mawimbi matatu, na tukayapata yote. Nahodha anakaa nyuma, anageuka kutazama bahari nyuma yake, kisha anapiga kelele mpige kasia kwa nguvu. Ghafla kasia linakuwa jepesi mkononi, chombo kinakimbia chenyewe kuelekea ufukweni, na Diamond Head, mlima wa volkano, iko pale pembeni, ingawa mimi wimbi la kwanza nililimaliza nimefumba macho.

Ukiwa umezoea ngalawa za pwani yetu, zenye matengo, yaani mbao za kuelea za kuzuia chombo kisipinduke, pande mbili, hii itakuchanganya. Ina tengo moja tu, upande wa kushoto, nao huliita ama. Kwa hiyo usiegemee kulia hata ukiogopa. Tengo likinyanyuka mnapinduka, jambo ambalo wao wana neno lake, huli. Mwenye mimba au mgongo mbovu aseme mapema, kabla ya kulipa, kwa sababu chombo kinapotua nyuma ya wimbi kinagonga kweli.

Kuhusu tarehe, mawimbi ya Waikiki hutoka kusini na huwa makubwa zaidi kuanzia Mei hadi Septemba hivi. Miezi ya baridi ya huko, mwishoni na mwanzoni mwa mwaka, bahari kubwa huhamia kaskazini mwa kisiwa cha Oahu, na Waikiki huwa tulivu zaidi. Ukiwa na watoto wadogo hilo si baya hata kidogo. Tazama pia kalenda ya mwezi. Siku 7 hadi 10 baada ya mwezi mpevu, yavuyavu, viumbe laini wa baharini wenye sumu, husogea kwenye fukwe za kusini, na askari wa uokoaji hubandika maonyo. Usiweke nafasi siku hizo.

Mafuta ya kujikinga na jua yanunulie hukohuko. Tangu Januari 2021 Hawaii imepiga marufuku kuuza yale yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa sababu zinadhuru matumbawe, kwa hiyo ya dukani kwao hayatakutia wasiwasi. Beba dola chache za karatasi za kumpa nahodha bahshishi, kama ilivyo desturi Marekani, lakini ziache na mtu ufukweni pamoja na simu.

Kiti cha mbele ndicho kinacholowa kuliko vyote. Binti yangu alikikimbilia. Mimi nilikaa cha tatu, na bado nilipanda ndege usiku ule nikiwa na chumvi masikioni.