Kichwa kishuke kwanza

Wewe unayekwenda shambani kuhasi farasi kwa mara ya kwanza, wasiwasi wako utakuwa kwenye kisu. Mimi kisu hakijawahi kuniponza. Kilichoniponza ni zile dakika tano za kungoja zailazini, dawa ya kumtuliza, imkolee mnyama.

Dozi niliyoizoea ni zailazini miligramu 1.1 kwa kila kilo ya mwili, kisha ketamini, dawa ya kumlaza, 2.2 ikiwa na diazepamu ya kulegeza misuli 0.05, zote kwenye mshipa wa shingo. Soma chupa! Kuna zailazini ya miligramu 20 kwa mililita na kuna ya 100. Farasi wa kilo 350 anahitaji mililita 19 za ile nyepesi. Za ile kali hazifiki hata 4.

Chomeka sindano bila bomba, juu shingoni, utazame damu. Ikidondoka nyeusinyeusi, endelea. Ikiruka, nyekundu ya kung'aa, chomoa: hiyo ni ateri, na dawa ikipita humo hupanda ubongoni moja kwa moja, farasi akakuangukia kwa degedege.

Sasa ngoja. Kichwa kiteremke hadi karibu na magoti, mdomo wa chini uning'inie, miguu aitanue. Siku moja mwenye farasi alikuwa akitazama saa yake, nikaona haya, nikasukuma ketamini kichwa kikiwa bado usawa wa kifua. Hakulala. Alikakamaa, akatetemeka mwili mzima, akamburuta saisi mpaka kwenye ua. Tangu hapo, kichwa kisiposhuka naongeza zailazini; kikigoma tena, nafunga mkoba.

Akishalala una dakika 10 hadi 20. Mvue hatamu, bizimu lake huminya neva ya uso. Funika jicho kwa taulo, mguu wa mbele wa chini uvutwe mbele. Piga ganzi ya lidokeini ndani ya kila pumbu, utaokoa ketamini nyingi. Kope zikipepesa ukizigusa, usiogope, ketamini ndivyo ilivyo. Mboni zikianza kucheza huku na huku, hapo nusukaputi inakwisha: ongeza thuluthi ya dozi ya kwanza ya zailazini na ketamini, kutoka bomba ulilokwisha kulijaza mapema. (Punda huimaliza ketamini upesi zaidi, kwa hiyo bomba hilo liwe mkononi.)

Ukimaliza, taulo libaki jichoni na saisi akae nyuma ya shingo, mbali na kwato, bila kelele. Anayeinuka mapema huyumba kama mlevi na kuvunja mguu, kwa hiyo simhimizi.