Umehamishwa kikazi na wewe ni mwanachama wa loji (tawi) ya Freemason? Usipotee kimyakimya, andika barua

Hapana mkuu, usifanye hivyo. Umeuliza mengi: aproni ya kuvaa kikaoni, siku za vikao, wakwe zako watakuonaje. Ila katikati umeandika kwamba unahamia Dar kutoka Mombasa, utaacha tu kulipa ada kwenye loji yako, "watanisahau", halafu ukitulia utafute loji nyingine huku. Hivyohivyo nilifanya mimi nilipotoka Nairobi, na hadi leo roho inaniuma.

Loji haimsahau mtu. Jina lako likiwa bado kwenye orodha, loji inakulipia kila mwaka, uhudhurie usihudhurie: sehemu inakwenda kwa uongozi wa Afrika Mashariki, sehemu London kwenye Loji Kuu ya Uingereza. Ukinyamaza, pesa hiyo inatoka kwa ndugu zako, yaani wanachama wenzako, pamoja na yule mwalimu mstaafu mnayekaa naye meza moja kula baada ya kikao. Deni likitimiza miaka 2 kamili, uanachama unakatika wenyewe kwa mujibu wa katiba ya Loji Kuu. Haipigwi kura. Unaamka si mwanachama, na deni liko palepale.

Mimi nilikuja kujua mlangoni. Nimevaa suti nyeusi, glavu nyeupe mfukoni, aproni na cheti changu cha Loji Kuu kwenye mkoba, nimekuja kutembelea loji ya huku. Katibu akatoka, akaniuliza ada yangu imelipwa mpaka lini. Nikabaki kimya. Walinirudisha kwa heshima zote, lakini walinirudisha.

Kurekebisha ndiyo ilikuwa kazi. Katibu wangu wa zamani alishaachia nafasi, aliyemrithi hanifahamu. Nikalipa malimbikizo yote ndipo nikaandikiwa cheti, nacho kinasema wazi kwamba uanachama wangu ulikoma kwa sababu ya deni. Kwa cheti hicho nikaanza kutafuta ndugu wa kunipendekeza, kisha kura upya kama mgeni. Na loji haikutani kila wiki, kwa hiyo kila hatua inasubiri kikao kijacho.

Kilichoniumiza zaidi si pesa. Mama yangu alifariki katika kipindi hicho. Unajua loji ina ofisa ambaye kazi yake ni kuwaangalia wagonjwa, wafiwa na wajane. Mimi nilikuwa simo kwenye orodha yoyote, ya Nairobi wala ya Dar. Hakuna aliyejua. Nilizika bila ndugu hata mmoja wa loji pembeni yangu.

Na aliyenishauri ninyamaze ni mkubwa wangu wa loji, mtu aliyeikariri ibada yetu neno kwa neno. Nilimfuata kwa adabu kabisa nikamwuliza nifanye nini, akasema "we nenda tu, kule utapokelewa." Miaka yote hiyo hajawahi kuifungua katiba! Mtu kama hajui, aseme hajui. Nina hasira naye mpaka kesho.

Kwa hiyo: kabla hujafunga mizigo, mwandikie katibu barua ya kujiuzulu, lipa mpaka siku hiyo, dai cheti kwamba huna deni, kihifadhi pamoja na cheti chako cha Loji Kuu. Au usijiuzulu kabisa, endelea kulipa kule na uombe kujiunga na ya huku. Kuwa katika loji mbili kunaruhusiwa. Njia ya tatu hakuna.

Wakwe waambie ukweli. Marehemu Andy Chande aliongoza Freemason Afrika Mashariki miaka mingi na alilizungumza waziwazi. Na wale watakaokuja hapa kuuliza joka la kutema noti: kwenye loji pesa ninayoijua ni ile inayotoka mfukoni mwangu.

Unaripoti kazini lini? Hata kama ni kesho, barua iandike leo usiku. Ukikwama maneno nitumie ujumbe, nitakuandikia mwenyewe.