Panya na kanari: uzito karibu sawa, umri mbalimbali

Mkuu, umeuliza kwa nini panya wako amechakaa akiwa na miaka miwili tu, ilhali kanari, yule ndege mdogo uliyemnunua kabla yake, bado anaimba. Pole sana. Nimewafuga wote wawili na swali hilo limenikaa moyoni muda mrefu.

Niliwahi kuwapima: panya gramu 27, kanari gramu 21. Ukimshika ndege utadhani yeye ndiye atakayekufa mapema. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, panya 37, na moyo wake hauhesabiki, unatetemeka tu kiganjani. Chakula anakichoma upesi kuliko panya. Lakini panya wangu alipofikisha miaka miwili na miezi minne mgongo ulikuwa umepinda, manyoya yamepauka, miguu ya nyuma anaiburuza. Kanari alikuwa na miaka 9, yuko juu ya kijiti chake, koo limemtuna, anaimba.

Sababu ninayoiamini iko kwa mababu zao. Panya huwindwa na paka, bundi, nyoka. Wa porini wachache humaliza mwaka. Kwa hiyo mwili wake haukuumbika kujikarabati kwa muda mrefu, nguvu zimekwenda kwenye uzazi: mimba siku 20 hivi, watoto sita hadi wanane, na binti wa wiki sita tayari anaweza kubeba mimba. Mwenye mbawa huruka akaokoka, akazaa tena mwaka unaofuata. Mwili unaodumu ukawa na faida kwake.

Tena usimwone panya bubu. Dume akinusa mkojo wa jike huimba, ila sauti yake ni nyembamba mno, juu ya kilohezi 30 (kipimo cha wembamba wa sauti), na sikio letu huishia 20. Umeishi na waimbaji wawili, ukamsikia mmoja.

Sasa huyo panya wako mzee: mshushie maji na chakula chini, ondoa ngazi na gurudumu, mwekee matandiko laini na uyabadilishe mara kwa mara. Na tundu la kanari lihamishe mbali naye. Mapafu ya ndege hayavumilii hewa chafu. Ndiyo maana wachimba makaa wa Uingereza walishuka migodini na kanari hadi miaka ya 1980, awaonye mapema kuna hewa ya sumu. Harufu kali ya mkojo wa panya inaweza kumdhuru.